Unataka kuwa mtafiti wa DNA na uko Mbeya, Iringa au Njombe? Pitia huku

Kila matokeo ya fomu siksi yakitoka simu yangu inajaa meseji za wadogo zangu wa huku nyumbani, wengi PCB (fizikia, kemia, biolojia) na CBG (kemia, biolojia, jiografia), na swali lao linafanana: kaka mimi naipenda DNA kweli, hasa inavyojinakili seli ikijiandaa kugawanyika, udaktari sitaki, sasa nikasome nini na nani atanilipa? Nimeona niandike mara moja mtumiane, maana nikimjibu mmoja wa Tukuyu anaibuka mwingine wa Mafinga. Mimi ni mtu wa maabara ya molekyula, kwetu Iringa, Mbeya nimekaa na kufanya kazi, kwaiyo nitaongea mazingira ya huku na sio ya kule kwenye video mnazoangalia.

Kwanza ukweli ambao watu wanaona aibu kuwaambia. Tangazo la "anahitajika mtaalamu wa DNA kujinakili, kituo cha kazi Mbeya" hutaliona. Watu wanaofanya hiyo kazi moja kwa moja, asubuhi mpaka jioni, wengi wako Ulaya, Marekani na Japani kwenye maabara ambazo friza moja ina thamani ya nyumba. Ila kuna njia ya kupitia pembeni na huku kwetu iko wazi kabisa, nayo ni magonjwa. TB, HIV, malaria, hata magonjwa ya viazi na ndizi. Unaingia kama mtu wa PCR, ile njia ya kuzidisha DNA kwenye kichupa, mikono inakomaa, alafu unaligeuza swali lako taratibu mpaka linakuwa swali la DNA inavyojinakili. Yote nitakayoandika hapa chini yanaenda kwa njia hiyo, kama unataka njia nyingine basi hii sio yako na hakuna ugomvi.

Kazi yenyewe ni ipi

Najua mshakariri: helikasi inafungua nyuzi mbili kama zipu ya jaketi, primasi inaweka kipande kifupi cha RNA cha kuanzia, polimerasi inaongeza herufi moja moja, uzi mmoja unaandikwa mfululizo na mwingine unaandikwa vipande vipande, vile vipande vya Okazaki, alafu ligasi inaunga. Sawa. Hayo yako kwenye madesa na yatakupa maksi. Mtafiti haamki asubuhi kwa ajili ya hayo, anaamka kwa ajili ya yale ambayo desa halisemi: seli inajuaje ianzie wapi? Ikishanakili kipande kimoja nini kinaizuia isikirudie? Ikikuta DNA imeharibika njiani inasimama, inaruka au inatengeneza?

Jaribu hesabu hii kabla hujaendelea kusoma. Polimerasi ya bakteria E. coli inakimbia karibu herufi 1000 kwa sekunde, DNA yake ina herufi kama milioni 4.6, na inaanzia sehemu moja tu ikienda pande mbili kwa pamoja. Gawa milioni 4.6 kwa 2, gawa kwa 1000, unapata sekunde 2300, yaani dakika kama 38. Safi. Sasa chukua kromosomu namba 1 ya binadamu, herufi kama milioni 249, na mwendo wa binadamu ni kama herufi 50 tu kwa sekunde. Ingeanzia sehemu moja katikati ingemaliza baada ya siku karibu 29! Wakati seli yako inamaliza kunakili DNA yote kwa masaa kama 8. Kwaiyo bila hata kugusa pipeti umeshajua lazima binadamu anaanzia sehemu nyingi mno kwa wakati mmoja, na kweli ni makumi ya maelfu. Ukiona hesabu kama hii imekusisimua mpaka unataka kumwonyesha mtu, kazi hii inakufaa. Ukiona imekuchosha, bado mapema mdogo wangu, kozi ziko nyingi.

Ndo maana nawagombeza wanaodharau BAM, ile hesabu ya fomu faivu na siksi. Mtu anasema mimi PCB hesabu sitaki, anapata BAM kwa kubahatisha, akifika chuo takwimu zinampiga anapata sapu, alafu analalamika mhadhiri. Biolojia na kemia ndo zitakupa nafasi chuoni, ila hesabu ndo itakufanya ubaki. Kombi nzuri ni PCB au CBG, kati ya hizo mbili mi nachagua PCB kwa sababu fizikia inakusaidia sana kwenye mambo ya joto, mwanga na mashine, lakini watu wa CBG wamefika vizuri tu.

Fanya hii nyumbani wiki hii

Kabla hujanunua kitu chochote toa DNA kwa mikono yako. Nenda Mwanjelwa au Mlandege nunua ndizi mbivu, ile iliyoiva mpaka ina madoa. Nusu ndizi iponde kwenye bakuli mpaka iwe uji. Pembeni changanya nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, kijiko kidogo cha chumvi na kijiko cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, korogea taratibu usitengeneze povu. Mimina kwenye ndizi, changanya kama dakika 5 kumi hivi, chuja kwa kichujio cha chai au kitambaa safi, ule maji maji uliopata weka kwenye glasi nyembamba.

Sasa spirit. Inatakiwa iwe baridi sana na hapa ndo watu wa Dar wanahangaika na friji, sisi mwezi wa 6 na wa 7 unaiacha nje dirishani usiku kucha imefungwa vizuri, asubuhi haishikiki. Imimine polepole ikitambaa kwenye ukuta wa glasi, kiasi sawa na ule maji maji, ikae juu bila kuchanganyika. Usifanye hivyo karibu na jiko la mkaa wala mshumaa, spirit inawaka. Subiri tu. Pale spirit na maji zinapokutana utaona vinyuzi vyeupe vinapanda kama kamasi, chukua kijiti cha mishikaki zungusha uvitoe.

Sabuni imevunja kuta za mafuta za seli, chumvi imesaidia DNA ishikamane, na DNA haiyeyuki kwenye spirit ndo maana inajitokeza. Ila usiende kutamba kijiweni kwamba umeshika DNA tupu, hapo ndani kuna pektini na proteini kibao zimeng'ang'ania. Swali la mtafiti ni: utajuaje ni DNA na sio uchafu mwingine? Ukianza kuuliza hilo umeshaanza kazi. Na kama ulikuwa hujui, ndizi nyingi tunazokula zina seti 3 za kromosomu badala ya 2, ndo maana hazina mbegu za kuota.

Jifunze kufikiri kwa jaribio la watu wengine

Kuna jaribio moja nalipenda kuliko yote na swali la aina yake nimelikuta kwenye usaili. Mwaka 1958 Matthew Meselson na Franklin Stahl pale Caltech, Marekani, waliwalisha E. coli naitrojeni nzito, N-15, vizazi vingi mpaka DNA yote ikawa nzito, wakawahamishia kwenye chakula chenye naitrojeni ya kawaida N-14, wakawa wanachukua sampuli kila kizazi na kuizungusha kwenye sentrifuji ya kasi kubwa ndani ya maji ya chumvi nzito, siziamu kloraidi, ili DNA ijipange kwa uzito. Kizazi cha kwanza: mstari mmoja tu, katikati. Wengi wanaishia hapo wanaandika "kila DNA mpya ina uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya" wanafunga daftari.

Sasa hapo hapo simama. Wakati ule mawazo yalikuwa 3: DNA ya zamani inabaki nzima na mpya inajitengeneza pembeni; au kila DNA inapata uzi wa zamani na uzi mpya; au vipande vya zamani na vipya vinachanganyika humo humo. Kwa kizazi cha kwanza peke yake limekufa lipi? La kwanza tu, maana lingetoa mistari miwili, mzito na mwepesi. La tatu bado liko hai kabisa! Lilikufa kizazi cha pili, pale ilipoonekana nusu iko katikati na nusu imekuwa nyepesi, sababu kama vipande vingekuwa vinachanganyika usingepata DNA nyepesi kabisa. Soma majaribio yote hivi, jiulize kila matokeo yameua wazo gani. Ukimweleza hivyo profesa kwenye usaili atakaa vizuri kwenye kiti.

Na kwa dada zangu, mtafuteni Tsuneko Okazaki. Vile vipande tunavyokariri alivigundua na mume wake Reiji huko Nagoya, Japani, miaka ya 1960. Reiji akiwa kijana alipatwa na mionzi ya bomu la Hiroshima, akafariki kwa leukemia 1975 akiwa na miaka 44, na Tsuneko aliendelea na utafiti akawa profesa hapo hapo Nagoya, akathibitisha kile kipande cha RNA kinachoanzisha kila kipande cha Okazaki. Hiyo sehemu vitabu vya shule vinairuka.

Chuo

UDSM kuna digrii ya biolojia ya molekyula na bayoteknolojia, SUA, chuo cha kilimo Morogoro, kuna bayoteknolojia na sayansi ya maabara. Hizo mbili ndo njia iliyonyooka. Alafu kuna njia ya sayansi ya maabara za tiba, MUHAS (chuo cha tiba Muhimbili) na vyuo vingine, na hii naomba muisikilize vizuri hasa ambao nyumbani hali ni ngumu na mnategemewa: ukisoma molekyula tupu huwezi kuajiriwa kama mtu wa maabara ya hospitali, kule wanataka usajili wa baraza la wataalamu wa maabara za afya, wakati aliyesoma maabara za tiba anaweza akafanya kazi hospitali mwaka mmoja miwili akajikusanya alafu akaenda kusoma masta ya molekyula. Inachelewesha kidogo lakini inakupa pa kuegemea. Mimi mdogo wangu wa damu nilimshauri hiyo.

Kwa wanaosoma ualimu wa sayansi pale Mkwawa Iringa, msijione mmepotea njia. Biolojia na kemia yenu ni ile ile, mkitoka na GPA nzuri mnaweza kuomba masta ya sayansi, mtakachokosa ni masaa ya maabara na hayo yanatafutika.

Mkopo ni HESLB, bodi ya mikopo, kama kawaida, na wenye ufaulu wa juu sana wa sayansi kuna Samia Skolashipu tangu 2022, angalieni majina yakitoka. Bumu likiingia tenga hela ya laptopu ya mtumba kabla hujanunua viatu. Nitaeleza kwa nini.

Fildi, hapa ndo pa kukazana

Likizo ndefu ikifika watu wanabaki Dar kupanga chumba Sinza wakati huku nyumbani kuna sehemu nzuri tu na unakula kwa mama. Mbeya kuna NIMR, kituo cha utafiti wa tiba ambacho kimefanya kazi ya TB na HIV miaka mingi pamoja na Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian cha Munich, Ujerumani. Kuna maabara ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Kuna TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, kwa wanaopenda mimea, viazi na maharage. MUST, chuo cha sayansi na teknolojia cha hapo Mbeya, nao wana watu wa maabara. Barua ya chuo ipeleke mapema, usisubiri mwezi wa 7 ndo ubishe hodi, na kama unaweza ipeleke kwa mkono, salimia mapokezi vizuri, uliza nani anashughulika na wanafunzi, rudi baada ya wiki mbili. Barua za imeili zinazama.

Kama utagusa damu hakikisha umechanja homa ya ini B kabla, usisubiri wakukumbushe.

Wiki ya kwanza utaosha, utabandika lebo, utaendesha otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Usinune. Hata otoklevu ina sayansi yake ya huku kwetu: Mbeya mjini tuko kama mita 1700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 sio 100, kwaiyo ukikuta protokali imeandikwa na mtu wa pwani au wa London inasema chemsha kwenye maji dakika 10, ujue joto lako ni dogo kuliko lake. Na otoklevu usiamini geji ya presha peke yake, angalia kipimajoto kimefika 121. Mwanafunzi akiniambia hilo bila kuulizwa, huyo namkabidhi pipeti siku hiyo hiyo.

Pipeti sasa. Omba mizani nyeti, weka kikombe kidogo, pipeti mikrolita 100 za maji, pima. Inatakiwa gramu 0.1. Rudia mara 10 uandike zote. Ukiona 0.098, 0.101, 0.099 uko vizuri, ukiona 0.085 alafu 0.11 alafu 0.092 basi kidole chako kinaachia haraka au unachovya ncha ndani sana, rudia mpaka zifanane. Watu wanaona ni mchezo wa watoto. Ila mwenye pipeti mbaya hata awe na akili kiasi gani majibu yake hayaaminiki, na wenzake wanajua hata kama hawamwambii.

Alafu PCR, ambayo kiukweli ni DNA kujinakili ndani ya kichupa bila seli. Badala ya helikasi unatumia joto la nyuzi 95, nyuzi mbili za DNA zinatengana, unashusha 55 mpaka 60 hivi prima, vipande vifupi vya DNA vya kuanzia, zinashika, unapandisha 72 polimerasi inaandika. Polimerasi yenyewe ni Taq, imetoka kwa bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, ndo maana haiungui. Kary Mullis aliwaza hili 1983 akapata Nobel 1993. Kwa mizunguko 30, kama kila mzunguko unazidisha mara mbili, nakala moja inakuwa zaidi ya bilioni 1. Furaha hiyo ndo hatari yenyewe: tone dogo la bidhaa ya jana likiingia kwenye kichupa cha leo nalo linakuwa bilioni 1, na unaweza ukatangaza mtu ana TB wakati hana.

Kwaiyo sheria hazijadiliwi. Chumba cha kuchanganyia riejenti (kemikali na enzaimu za kazi), chumba cha kuweka sampuli, chumba cha bidhaa, unatembea kwenda mbele tu hurudi nyuma na koti lile lile. Kila rani, yaani kila mara unapoendesha mashine, weka kichupa kimoja chenye kila kitu isipokuwa DNA, badala yake maji, na kimoja chenye DNA unayoijua. Cha maji kikitoa jibu, rani nzima unatupa hata kama bosi anasubiri ripoti. Hesabu ya mchanganyiko fanya hivi: una sampuli 8, ongeza vile viwili vya uhakiki, 10, changanya ya 11 sababu kidogo kinabaki kwenye ncha. Prima zimekuja mikromola 100 unataka 10 ujazo wa mikrolita 100: mikrolita 10 za prima, 90 za maji. Ukiishika hiyo moja kichwani hesabu nyingine zote za kuzimua ni ndugu zake.

Andika kila kitu kwenye daftari la maabara siku hiyo hiyo kwa peni, tarehe, namba ya kundi la riejenti, umeme ulikatika saa ngapi. Ndio, umeme uandike. Friza ya -80 ukikatika haifunguliwi hata mtu alie, jenereta likichelewa unahamishia, na enzaimu zikishapata joto mara moja mbili usizilazimishe. Riejenti zinatoka nje kwenye barafu kavu, zinakaa bandarini na uwanja wa ndege, anayejua kupanga oda miezi 3 mbele ana thamani kuliko anayejua nadharia zote.

Kugeuza swali

Hapa ndo wengi wanakwama. Wanakuwa mafundi wa PCR wazuri wanabaki hapo miaka. Hakuna ubaya, ila kama lengo lako ni DNA kujinakili angalia kilichopo mezani kwako. Ingia duka la dawa lolote Kabwe au Miyomboni uangalie kabati. SP, dawa ya malaria wanayopewa wajawazito: inazuia mdudu wa malaria kutengeneza folati, bila folati anakosa herufi za kuandikia DNA, kunakili kunasimama. Siprofloksasini, na zile levofloksasini na moksifloksasini za TB sugu: zinashika jairasi, enzaimu inayolegeza DNA ya bakteria iliyojisokota wakati inanakiliwa. Tenofovir na lamivudini kwenye ARV: ni herufi bandia, kirusi akiiweka kwenye uzi hawezi kuongeza nyingine mbele. Yaani watu wa mikoa yetu wanameza utafiti wa DNA kujinakili kila siku, na sisi ndo tuna sampuli, tuna wagonjwa, tuna usugu wa dawa. Mwenye maabara ya kifahari Ulaya hana hivyo.

Mfano ulio hai ni Valerie Mizrahi wa Afrika Kusini. Kundi lake walikuwa watu wa TB, na 2003 wakaonyesha kwamba polimerasi moja ya bakteria wa TB, DnaE2, inachangia yeye kuishi mwilini na kupata usugu wa dawa. TB ya Afrika, swali la polimerasi, jarida kubwa la Cell. Ndo ninachosema.

Na laptopu ya mtumba ndo kazi yake sasa. Fungua PlasmoDB, ni bure, ni hifadhi ya DNA ya wadudu wa malaria, tafuta jeni ya dhfr, ile inayolengwa na pirimethamini iliyomo kwenye SP, ya malaria aina ya 3D7 ambayo dawa hiyo inamuua, alafu ya Dd2 ambayo ni sugu. Ziweke sambamba. Utaona zimetofautiana kodoni (makundi ya herufi tatu tatu) 51, 59 na 108. Herufi 3 tu na dawa imeshindwa! Fanya hivyo ukiwa Ipogolo kwa bando la usiku, hulipi kitu, hakuna mtu wa kukuruhusu. Ukimaliza jifunze Python au R, lugha za kuandikia programu, kidogo kidogo, anza na kusoma faili la DNA na kuhesabu herufi, baadae mashine ndogo za kusoma DNA kama MinION hazitakutisha, na hizo siku hizi zinatumika hata kufuatilia DNA ilikonakiliwa.

Masta na PhD

Masta miaka 2, PhD miaka 3 mpaka 5 na wengine zaidi, alafu postdoki, utafiti wa mkataba baada ya PhD. Chuo cha Nelson Mandela Arusha ni sehemu nzuri ya masta hapa hapa nchini, Nairobi kuna ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo. Nje kuna skolashipu za Commonwealth kwa Uingereza, DAAD kwa Ujerumani, MEXT kwa Japani. Unaotaka kuwaandikia soma kazi zao kwanza: John Diffley pale Francis Crick Institute London, kundi lake 2015 walianzisha unakili wa DNA ndani ya kichupa kwa kutumia proteini za hamira zilizosafishwa, hamira jamii ile ile ya maandazi, Bruce Stillman pale Cold Spring Harbor, yeye na Stephen Bell ndo waligundua ORC, kundi la proteini linaloshika sehemu za kuanzia. Hao ni vigogo, imeili zao zinajaa, waandikie lakini waandikie zaidi waliotoka kwenye maabara zao juzi juzi wakafungua za kwao, wale wanatafuta watu.

Imeili iwe fupi. Mstari wa kwanza jina lako na unachofanya sasa hivi, wa pili karatasi yao gani umesoma na swali moja la kweli ulilobaki nalo, wa tatu umefanya nini kwa mikono yako na jibu lilikuwa nini, wa nne unaomba nini. Basi. Acha kuandika "tangu utotoni nilikuwa na ndoto", kila mtu alikuwa nayo. Na ile "Dear Sir" uliyotuma kwa mwanamke inafutwa hapo hapo. Usipojibiwa wiki mbili kumbushia mara moja, ukinyamaziwa tena nenda kwa mwingine.

Hela: kazi nyingi za utafiti huku ni mkataba wa mradi, mradi ukiisha na mkataba umeisha, kwaiyo ukipata mkataba wa miaka 2 anza kutafuta wa pili mwaka wa kwanza ukiwa nusu. Wazee watakuuliza sana "kwaiyo wewe ni daktari?", ukisema hapana watakuuliza ulisomea nini miaka yote hiyo, zoea, shangazi yangu mpaka leo ananiletea vyeti vyake vya presha nimsomee na namsomea.

Mwisho kabisa kitu ambacho kimewaangusha watu wenye akili kuliko mimi: majina. Cheti cha kuzaliwa, cha NECTA, NIDA na pasi ya kusafiria vifanane vyote. Kimoja kina Mwakyusa kingine Mwakiusa, au la tatu limerukwa, skolashipu inakusubiri na wewe uko kwenye foleni ya RITA. Nenda kwa wakili uandikishe kiapo cha majina ukiwa bado mwaka wa pili, pasi omba kabla hujahitaji, vyote vipige picha safi uviweke kwenye imeili yako mwenyewe.